Swali la Ng'ombe Aliyetangulia

Ujumbe ulinikuta dukani Mugumu, saa nne asubuhi, namjazia kijana mmoja fomu ya kuomba chuo. Umetoka kwa mtu nisiyemjua. "Habari. Mimi ni mdogo wake Dokta Nsia. Namba yako nimeikuta kwenye simu yake, umeandikwa Bhoke Nyarero. Dada alitutoka Jumamosi. Tumeshazika." Basi, hakuna kingine. Nikausoma mara mbili. Yule kijana akaniuliza, "Dada, imekataa?" akidhani naangalia mtandao. Nikamwambia haijakataa, nipe neno lako la siri. Akalitaja kwa sauti, mbele ya watu watatu waliokuwa wanasubiri kutoa kopi: jina lake na mwaka aliozaliwa. Dokta angekuwepo angeshika kichwa. Mimi nikaandika tu, nikabonyeza, nikamwambia subiri, halafu nikaenda nyuma ya duka nikakaa juu ya boksi la karatasi. Sikulia. Nilikuwa natafuta mtu wa kumwambia na sikumpata, maana hapa Mugumu hakuna anayejua kwamba niliwahi kukaa na mtu kama yule.

Nina miaka ishirini na saba. Najua watu wa umri wangu hawaandiki kumbukumbu, wanasubiri wazeeke kwanza, lakini mimi kusubiri siwezi, na niliyetaka aisome wa kwanza ameshakufa. Habari za kwetu, tuko wangapi, baba alifanya nini, siziandiki. Naandika mwaka mmoja tu, ule niliokaa nyumba moja na Dokta Nsia pale Nyarero. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha sita na matokeo ambayo hayakunipeleka popote. Alikuwa anatafuta msaidizi anayejua Kikurya na anayeandika vizuri. Mimi nilikuwa naandika daftari langu la kila siku tangu kidato cha pili. Nikampelekea daftari lenyewe. Alisoma kurasa mbili amesimama mlangoni, akacheka, akasema, "Una haraka wewe. Ingia."

Nyumba ilikuwa ya Mama Ghati, vyumba viwili na sebule, imepakwa rangi ya kijani mpaka nusu ya ukuta. Dari haikuwepo. Kuta ziliishia chini ya bati, kwa hiyo neno lililosemwa chumba kimoja lilifika kingine bila kupungua. Dokta alikuwa na meza, kiti na karatasi nyingi kuliko nguo. Alikuwa anaandika kwa penseli. Kompyuta alikuwa nayo, lakini alisema inamharakisha kabla hajafikiri. Siku ya kwanza nilimpikia ugali wa mtama na muhogo, na dagaa. Akala matonge matatu, akasema ameshiba, nikajua hajashiba. Kesho yake akaingia jikoni mwenyewe akapika ndizi na nyama kama za kwao Moshi, akazikoroga mpaka zikawa kama uji mzito, na mimi nikala vijiko vitatu nikasema nimeshiba. Tuliangaliana tukacheka. Baada ya hapo tulipokezana, siku yake na siku yangu, na kila mtu alizoea chakula cha mwenzake bila kusema. Lakini tulikula kimya sana. Viti vyetu vyote viwili vilikuwa vinatazama ukuta mmoja, na hakuna aliyewahi kufikiria kukigeuza kimoja.

Mama Ghati na jirani yake walikuwa wanapukuchua mahindi uani, chini ya dirisha letu, na walikuwa hawajui kunong'ona.

"Huyu Dokta hana mume?"

"Alikuwa naye."

"Watoto?"

"Hata picha sijaona."

"Sasa anaandika nini kutwa nzima?"

"Bhoke anasema ni hesabu."

"Hesabu! Shule si alishamaliza? Au alifeli anarudia?"

Wakacheka mpaka mahindi yakamwagika. Chumba cha pili nilisikia penseli imesimama. Ikakaa kidogo, halafu ikaendelea.

Nikimuuliza kazi yake ni nini hasa, alikuwa anasema, "Naficha maneno." Ni hesabu za kuyageuza maneno yasisomwe na mtu asiyehusika, hata akiwa ameyashika mkononi. Kitaalamu inaitwa kriptografia. Alifundisha chuo kikuu miaka mingi, akaandika utafiti uliomchukua miaka minne. "Waliousoma wakauelewa," aliniambia siku moja anamenya ndizi, "wangeenea kwenye sebule hii, na viti vingebaki." Sebule ilikuwa na viti viwili. Baadaye akachoka kuandikia watu wasiozidi sebule, akaenda Dar es Salaam kwenye kampuni ambayo hakuwahi kunitajia jina. Huko walikuwa wanaacha simu mlangoni kwenye visanduku vidogo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mlango, halafu kukaa wiki nzima anajaribu kuuvunja mwenyewe, kabla mwizi hajafika. Aliipenda. Alisema chuoni walikuwa wanamuuliza, una uhakika? Kampuni walikuwa wanamuuliza, lini? Na nyumbani mume wake alikuwa anamuuliza, kazi imekwendaje leo, naye anajibu nzuri, kwa sababu alisaini karatasi kwamba hatasema. Miaka tisa ya nzuri. Siku mume alipoacha kuuliza, Dokta hakugundua. Aligundua baada ya mwezi.

Wakati ule nilisikiliza hayo yote kama mtu anayesubiri maji yachemke. Nilikuwa nataka tuanze kazi. Leo hapa dukani, saa za mchana watu wakipungua, ndiyo nayasikia vizuri.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mradi mmoja ulitaka habari za kina mama wa Nyanungu, Gorong'a na Nyarero, za uzazi na za magonjwa, zitoke kwenye madaftari ya zahanati ambayo kila anayepita anafunua, ziingie kwenye simu za wahudumu wa afya wa vijijini. Dokta ndiye aliyeombwa azifunge. Akazifunga hivi: mhudumu hawezi kusoma habari za mama mpaka mama mwenyewe aweke namba yake ya siri. Akisahau namba, mfumo unamuuliza maswali matatu, akiyapata yote unafunguka. Maswali yalikuja tayari kutoka makao makuu ya mradi. Moja lilikuwa jina la mnyama wako wa kwanza wa kufuga. Nililisoma mbele ya kina mama Nyanungu, mmoja akaniuliza, "Ng'ombe wa baba ni mnyama wangu?" Mwingine akasema, "Wa kwanza ni mume wangu, ila bado hajafugika." Kicheko kilichotoka hapo kilitumaliza. Dokta akaliandika jibu hilo kwenye karatasi yake, halafu akalikata lile swali.

Wankuru ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, ameolewa Nyanungu kwa Mwita, ana mabinti wawili. Kuzaa yule wa pili nusura kumuue. Nesi akamwambia apumzike miaka mitatu, akaanza kumchoma sindano ya uzazi wa mpango, na hakuna aliyejua isipokuwa nesi. Wiki iliyofuata, tuliporudi kuandikisha, alitusogelea wengine walipoondoka.

"Dada Bhoke, nikiingia kwenye hiyo simu, mama mkwe hataona?"

"Hataona mtu."

"Maana Mwita ni mtoto wa kiume peke yake. Mama mkwe anataka mjukuu wa kiume mwaka huu, si kesho. Akijua najizuia, narudishwa kwetu Gorong'a na watoto wanabaki."

Dokta akamwambia polepole, kwa Kiswahili cha darasani, kwamba hata yeye aliyeutengeneza mfumo hawezi kusoma. Wankuru akamtazama vizuri usoni. Halafu akanitazama mimi, akaniuliza kwa Kikurya kama huyu mama anasema kweli. Nikasema ndiyo. Akakaa kwenye benchi akaandikishwa.

Kabla ya hapo, swali jipya badala ya lile lililokatwa nilikuwa nimelitunga mimi. Nilijivunia sana. Dokta alikuwa anataka kitu ambacho mwanamke hawezi kusahau na mtu baki hawezi kukisia, na amezungushwa na penseli siku nne. Mimi nikasema, tukiwa tunakula, "Ng'ombe aliyetangulia kwenye mahari yake. Alikuwa rangi gani, na alama gani." Kwetu ng'ombe wa mahari wakifika, wanawake wanatoka nje kuwatazama, na yule wa mbele hata miaka ishirini ipite bibi harusi atakuambia alivyokuwa. Dokta aliacha chakula. Akachukua karatasi akaanza kuhesabu rangi na alama, pembe, masikio, madoa, mtu anaweza kukisia mara ngapi kabla hajapata. Akafika chini ya karatasi akatabasamu. Sikuwahi kumwona ametabasamu vile.

"Hesabu imekubali," akasema. "Lakini nani mwingine anamjua huyo ng'ombe?"

"Bibi harusi na kwao tu, Dokta."

"Una uhakika?"

"Wengine wanasahau. Tuandikishe, watu wanasubiri."

Akauliza tena kesho yake asubuhi, nikiwa nafunga viatu. Nani mwingine? Nikamjibu vilevile nikiwa nimeshafika mlangoni. Nilikuwa sijaolewa. Nilikuwa nimewaona ng'ombe wakifika tu.

Miezi mitatu ilipita vizuri. Halafu asubuhi moja Chacha, mhudumu wa afya wa Nyanungu, akaja Nyarero kwa miguu, hakutaka kukaa, hakutaka chai. Alisema Mama Mwita, mkwe wake Wankuru, alikwenda kwake akasema mkamwana anaumwa, hawezi kuinuka, namba ameisahau. Chacha akafuata alivyofundishwa. Akamsomea maswali matatu, mama mkwe akayajibu yote, simu ikawaka kijani. Chacha akasoma kwa sauti kilichoandikwa, akidhani anamsaidia mgonjwa. "Sindano," akasema, anatazama chini. "Na tarehe ya kurudi. Nilisoma yote, Dokta." Wankuru alikuwa ameshaondoka Nyanungu tangu juzi. Watoto walibaki.

Tulikwenda siku hiyohiyo. Mama Mwita alikuwa anaanika ulezi kwenye turubai, hakuacha kuutandaza tulipofika. Dokta akamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatuonyesha vigoda.

"Mmemfuata Wankuru? Hayupo. Watoto wale pale, wameshakula."

"Mama," Dokta akasema, "ile habari ilikuwa yake mwenyewe."

"Ya kwake, kwenye nyumba yangu? Mimi nina Mwita mmoja. Nangoja mjukuu, nachemsha dawa, naenda kanisani, kumbe anajua anachofanya." Mkono wake ukapita juu ya ulezi, ukarudi. "Na sikuiba simu ya mtu. Mliuliza, nikajibu. Bibi yake anaitwa nani. Yule bibi amezikwa mimi nipo, nilipeleka unga. Alizaliwa wapi. Nilikwenda kumposa palepale. Halafu Chacha akaniuliza ng'ombe." Hapo akacheka, kicheko kifupi. "Mwekundu, sikio la kushoto nusu. Fisi alimkamata bado ndama. Nikamlaza jikoni kwangu mpaka akapona, nikamkamua miaka mitano. Siku wamemswaga hapa kwenda Gorong'a niliingia ndani nikalia kama nimefiwa. Nyinyi mlidhani alitoka wapi?"

Dokta aligeuka akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama anavyotazama mstari wa hesabu aliourudia mara nyingi na sasa ameona ulipokatika. Mimi nilikuwa naangalia kuku aliyekuwa anadonoa ulezi pembeni ya turubai. Nilimwangalia sana.

"Nani alitunga hilo swali?" Mama Mwita akauliza.

"Mimi," Dokta akasema.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa ndefu, naikumbuka, mtoto mmoja alilia akanyamaza ndani yake. Sikusema. Njiani tulitembea mpaka mtoni, na tulipovuka akasema, "Hesabu zilikuwa sahihi, Bhoke." Baada ya hatua kama kumi akaongeza, "Hiyo ndiyo inaniuma." Hakusema lingine mpaka nyumbani, na nyumbani pia hakusema.

Watu wa mradi walikuja kutoka Mwanza wakakaa sebuleni, wawili kwenye viti na mmoja kwenye ndoo iliyopinduliwa. Walitaka kuandika kwamba kosa ni la Chacha, apewe mafunzo, kazi iendelee. Dokta akakataa. Alisema Chacha alifanya alichoandikiwa, kosa liko kwenye swali, swali ni lake, na mfumo ufungwe kina mama wasiendelee kufunguliwa. Mmoja wao akauliza, "Dokta, mtu wa uzoefu wako kweli ulilitunga hili?" Akasema ndiyo. Mimi nilikuwa naleta chai. Nikaweka vikombe, nikarudi jikoni. Wiki ile ile nikamsikia juu ya ukuta anaongea na simu, na nikajua ni ile kampuni, maana walikuwa wamemwahidi atarudi mwaka ukiisha. "Ni kweli, ndiyo. Hapana, msaidizi hahusiki. Basi, kama ni hivyo msinichukue." Nilikuwa nakoroga uji, na niliendelea kukoroga hata ulipoiva, kwa sababu nikiacha angejua nasikiliza.

Tuliishi vile miezi minne, mpaka muda wake ukaisha. Tuliendelea kupokezana kupika. Nilifikiri angenisema siku moja, hata kwa ukali, na nilikuwa nimejiandaa kulia. Hakunisema. Aliniandikia barua ya kunitambulisha kwa waajiri, amesema mimi ni makini. Sijawahi kumwonyesha mtu barua ile. Alirudi kufundisha chuo kidogo mahali, na kila mwisho wa mwaka alinitumia salamu fupi, na mimi nikajibu nzuri.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo juu ya boksi la karatasi. Siku ya tatu nikafunga duka, nikaenda Gorong'a. Wankuru nilimkuta kwao, anaanika mihogo kwenye mwamba nyuma ya nyumba. Amenenepa kidogo, na sauti ni ileile. Alinitambua kabla sijasalimia.

"Wewe. Dada wa simu."

Nikamwambia Dokta amekufa. Akaacha mihogo, akakaa. Akasema pole, alikuwa mama mzuri, aliwahi kuja hapa peke yake kumwomba msamaha, mara mbili, mara ya pili na mvua. Sikujua hilo. Nikamuuliza watoto. Mdogo anaishi naye, mkubwa yuko Nyanungu, anakuja shule zikifungwa. Mwita alioa mwingine. Alisema yote kama mtu anayesoma orodha aliyoizoea. Nikasema nilichojia, haraka, nisije nikakimbia: lile swali la ng'ombe silo la Dokta, nililitunga mimi, aliniuliza mara mbili nikamjibu vibaya kwa haraka zangu.

"Najua," akasema.

"Alikuambia?"

"Aniambie nini? Alisema ni lake, mara zote mbili." Akaokota kipande cha muhogo, akakigeuza upande wa pili. "Mchaga wa watu, angejuaje habari ya ng'ombe kutangulia? Nilijua siku hiyohiyo. Na mama mkwe alijua. Hata Chacha. Tulikuwa tunangoja useme."

"Miaka saba."

"Mimi sikuhesabu. Niliacha kungoja zamani."

Nikainama kumsaidia kugeuza mihogo, hakunikataza. Tulipomaliza upande ule wa mwamba, akaingia ndani akatoka na simu ya kioo, mpya, kaka yake amemnunulia Sirari.

"Huyu mtoto wangu anafungua kila kitu. Kwa vile umekuja, nifungie."

Nikaishika, nikaingia kwenye mipangilio mpaka ilipouliza namba ya siri. Nikamrudishia aandike. Nikabaki nimesimama palepale natazama kioo, kama ninavyotazama vya watu wote dukani.

"Geuka," akasema.

Nikageuka. Mbele yangu kulikuwa na mbuzi wawili na shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa. Nyuma nikasikia kidole kinagonga kioo, kinasimama, kinafikiri, kinagonga tena.

"Inataka mara ya pili."

"Rudia ileile," nikasema, bila kugeuza shingo.

Alichukua muda mrefu. Sikumharakisha.